Moldova: Mji Juu, Mvinyo Chini

Kwanza yale ambayo maelezo ya nchi hayakwepi. Moldova imebanwa kati ya Romania na Ukraine na haina pwani. Eneo lake ni kilomita za mraba 33,800 hivi, wakati mkoa wetu wa Dodoma peke yake una zaidi ya 41,000. Sensa ya 2024 ilihesabu watu wapatao milioni 2.4, bila wale wa ng'ambo ya mto Nistru. Mkoa huohuo wa Dodoma unawazidi. Moldova ilijitenga na Muungano wa Kisovyeti tarehe 27 Agosti 1991. Lugha ya taifa ni Kiromania, ingawa Kirusi unakisikia sokoni na ndani ya basi. Fedha yao ni leu. Waumini wengi ni Waothodoksi. Nilinakili pia takwimu za mahindi, alizeti na jozi. Zimebaki daftarini, maana tangu nilipoingia Mileștii Mici sikuwa tena na akili ya alizeti.

Mileștii Mici ni kijiji kilicho kusini mwa mji mkuu, Chișinău, mwendo usiofika saa moja kwa gari. Kwa nje hukuti cha kushangaza: lango, bustani, kilima. Kisha gari linawasha taa, linaingia ardhini na kuendelea na safari. Ndiyo, gari. Huko chini kuna barabara zenye alama za usalama, na kila barabara ina jina la mvinyo au la zabibu: Cabernet, Aligoté, Fetească. Mahandaki yana urefu wa kilomita 200, na zinazotumika ni 55 hivi, kwenye kina cha kati ya mita 40 na 85. Kando yamepangwa mapipa ya mwaloni yanayomzidi mtu kimo mara mbili. Mbele zaidi chupa zimelala ubavu ukutani, zimevaa vumbi na ukungu ambao hakuna anayethubutu kuupangusa. Mwaka 2005 Guinness iliitambua akiba hiyo kuwa kubwa kuliko zote duniani: chupa milioni moja na nusu.

Wasomaji wasiogusa kileo wanivumilie. Kilichoniteka si kinywaji, ni shimo.

Shimo hilo halikuchimbwa kwa ajili ya mvinyo. Lilikuwa machimbo ya mawe ya chokaa, meupe yenye kujichanganya na umanjano, laini kiasi cha kukatwa kwa msumeno, na mawe yake yalipelekwa kujengea Chișinău. Tetemeko la ardhi la Novemba 1940, na mabomu ya vita mwaka uliofuata, yaliangusha sehemu kubwa ya mji. Kuusimamisha upya kulidai mawe mengi. Kwa hiyo kila jengo jeupe unaloliona kwenye barabara kuu ya Ștefan cel Mare lina tundu lake mahali fulani chini ya vilima. Kwingine matundu hayo wangeachiwa popo. Wamoldova walishika jambo moja: mle ndani joto halipandi wala halishuki, ni nyuzi 12 hadi 14 Januari kwenye theluji na Julai kwenye jua kali, na unyevu unatosha kuzuia vizibo visikauke. Kupoza mvinyo hakuwagharimu kiyoyozi wala bili ya umeme. Cricova, upande wa kaskazini wa mji, walianza kuhifadhi mvinyo mwaka 1952. Mileștii Mici ikafuata 1969.

Cricova ni ya kifahari zaidi, na kwa maoni yangu inajipamba kupita kiasi. Wageni wanabebwa kwa vigari vya umeme katika mahandaki ya kilomita 120 hivi, wanaoneshwa kumbi za karamu za wakubwa, wanasimuliwa jinsi mwanaanga Yuri Gagarin alivyoshuka humo Oktoba 1966 na kutoka siku ya pili yake. Mimi nilibaki nyuma kwenye sehemu ya mvinyo wa povu. Chupa zimetegwa kichwa chini kwenye mbao zenye matundu, na wanawake wanapita wakizizungusha kwa mikono miwili, kidogo tu, siku baada ya siku, mpaka mashapo yote yateremke shingoni. Hapo shingo hugandishwa, kizibo huondolewa, na bonge la uchafu huruka lenyewe. Kasi ya mikono ile inahitaji kuonwa.

Mwongozaji wetu, binti wa chuo kikuu, aliposikia kwamba makao makuu ya nchi yangu nayo yamezungukwa na mizabibu, alifurahi kweli. Akauliza, "Na nyinyi mvinyo mnauhifadhi wapi?"

Nilimjibu kwa kumweleza mambo mengine. Kwamba zabibu za Dodoma zililetwa na wamisionari. Kwamba mizabibu yetu huzaa mara mbili kwa mwaka. Hilo la mwisho alidhani ni utani, kwani kwao mavuno ni mara moja, Septemba na Oktoba, kisha shamba linalala chini ya baridi. Nani basi aliyejaliwa zaidi? Lakini msimu baada ya msimu tunamsikia mkulima wa Mpunguzi au Hombolo akilalamika kuwa zabibu zimeiva na mnunuzi hajafika, na zabibu haijui kungoja. Majengo ya wizara tumeyainua haraka, barabara za mzunguko na reli ya kisasa tunazo. Ghala la kusindikia na kuhifadhi ndilo linalokuja kwa mwendo wa kinyonga. Hotelini mhudumu anakuletea kwanza mvinyo wa Afrika Kusini. Mtu ataniambia Dodoma ni nchi ya mawe ya itale, hayakatwi kwa msumeno. Sawa, lakini machimbo ya kokoto yaliyoachwa wazi tunayo tele, na sijasikia mtu akikaa kuyawazia.

Nirudi kwenye nchi ya watu. Chișinău ni mji wa kutembea kwa miguu: miti mingi, mabasi ya umeme, kanisa kuu la karne ya 19, nyumba ya makumbusho ya mshairi Pushkin, aliyepelekwa huko uhamishoni kati ya 1820 na 1823. Siku moja inautosha. Serikali inataka kuingia Umoja wa Ulaya, na imekuwa mgombea rasmi tangu Juni 2022. Ng'ambo ya Nistru kuna Transnistria, iliyojitenga kabla ya vita vya 1992 na ina askari wa Urusi hadi leo. Sikufika huko.

Mashambani ni pazuri zaidi. Vilima vinateremka taratibu, udongo ni mweusi, miti ya jozi imepandwa kando ya barabara, na visima vya vijijini vina vibanda vilivyonakshiwa. Orheiul Vechi, juu ya mto Răut, watawa walichonga kanisa ndani ya jabali hilohilo la chokaa. Vijijini utakaribishwa mămăligă, ugali wa mahindi ya njano unaoliwa na jibini na malai, kisha mwenye nyumba atashuka kwenye beci, ghala lake la chini ya nyumba, alete mvinyo wake mwenyewe kwenye jagi. Mara nyingi mwenye nyumba huyo ni mzee. Wanawe wako Italia au Ujerumani.

Wala isidhaniwe kwamba shimo ndilo lililomaliza kazi. Mwaka 1985 kampeni ya Gorbachev dhidi ya ulevi iling'oa mizabibu mingi. Mwaka 2002 Putin alisherehekea miaka yake 50 Cricova. Lakini mwaka 2006 Urusi hiyohiyo, iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa mno ya mvinyo huo, ikaupiga marufuku, na 2013 ikarudia. Viwanda vingi viliyumba. Vilivyosalia vilijifunza kuuza Romania, Poland na kwingine, na vikaanza kuthamini zabibu za asili kama Fetească Neagră na Rară Neagră. Kilichokosa mnunuzi kiliweza kulala chini kikingoja, na kwa mvinyo mwekundu mzuri kungoja si hasara.

Anayetaka kwenda aunganishe ndege Istanbul, na achague wikiendi ya kwanza ya Oktoba, wakati wa Siku ya Taifa ya Mvinyo, viwanda vinapomwaga bidhaa zao katikati ya Chișinău. Nafasi ya kuingia mahandakini iombwe mapema. Achukue sweta hata kama nje ni jua, na dereva asionje kitu. Maofisa wa kilimo wa Dodoma nao wakipata safari ya mafunzo, naomba siku ya ununuzi wapunguziwe na ya mahandakini waongezewe.