Pumu ya Ngozi na Krimu Isiyo na Lebo

Ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, hauambukizi wala hauletwi na uchafu. Twaanza na jambo hili kwa sababu mzazi anayedhani kwamba mwanawe ana uchafu humsugua kwa sabuni kali, na hivyo humzidishia maradhi.

Chanzo kimo katika ngozi yenyewe. Tabaka la juu, ambalo hulinda unyevu na kuzuia vichokozi, huwa dhaifu, mara nyingi kwa kurithi. Mwaka 2006 watafiti walibaini kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hitilafu imo katika jeni ya protini iitwayo filagrini. Sabuni zenye manukato, jasho, vumbi na nguo za sufu huuchochea tu.

Hakuna dawa ya kuukomesha kabisa, ingawa watoto wengi hupata nafuu wakuapo. Msingi wa tiba ni mafuta ya mgando yasiyo na manukato, yapakwe kila siku mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu.

Ngozi ikivimba, mtaalamu huandika krimu yenye steroidi. Ikitumiwa ipasavyo ni salama, na hatupendi mgonjwa aiogope bure. Lakini steroidi hazilingani nguvu: haidrokotisoni ya asilimia 1 ni hafifu, ilhali klobetasoli ni miongoni mwa zenye nguvu kupita zote, nayo huuzwa ikiwa imechanganywa na dawa ya fangasi na kiuavijasumu katika tyubu moja. Mwasho hutulia upesi na mnunuzi huamini amepona. Akiendelea kwa majuma mengi, hasa usoni, ngozi huwa nyembamba na kuota michirizi au chunusi. Kama tatizo lilikuwa choa, steroidi hulificha huku likienea.

Tunamshauri mnunuzi asome jina la kiambato, si jina la biashara lenye herufi kubwa. Krimu ya kikopo kisicho na lebo, isifiwayo kuwa ya mitishamba mitupu na bado ikaondoa mwasho kwa usiku mmoja, tunaitilia shaka: nchini Uingereza na kwingineko krimu za namna hiyo zimekutwa na steroidi isiyotajwa. Asiipake mtoto, aihifadhi na kuileta ikaguliwe.

Ngozi ikitoa usaha, ikiota malengelenge yenye maumivu, au mgonjwa akipata homa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo.