Pikapu Ikipata Pancha Barabarani: Watu Kwanza, Tairi Baadaye

Wakazi wengi wa kata za Ngamiani Kaskazini, Ngamiani Kati na Ngamiani Kusini hutegemea pikapu katika maisha ya kila siku, hata wale wasiomiliki gari. Machungwa ya Muheza, mbogamboga za Lushoto, samaki wa soko la Deep Sea na mifuko ya saruji husafirishwa kwa magari hayo hadi Soko la Mgandini na kwenye maduka ya mitaani. Penye harusi au msiba, pikapu ndiyo inayoleta maturubai, viti na masufuria.

Gari linalofanya kazi nzito namna hii haliwezi kukosa kuharibika njiani. Tairi hupata pancha, rejeta huchemka, breki hulegea. Madereva wengi na utingo wao wanajua kubadilisha tairi. Jambo ambalo mara nyingi husahaulika ni kulinda watu wakati kazi hiyo inafanyika. Makala haya yanaeleza hatua za kuchukua na sababu ya kila hatua.

Hatari kubwa hutoka kwenye gari lijalo

Gari likisimama kwa dharura, macho ya kila mtu huelekea kwenye tairi. Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, ni gari jingine linalokuja kwa kasi. Mkoa wa Tanga una kumbukumbu chungu ya jambo hilo. Mwezi Januari 2025, katika eneo la Segera wilayani Handeni, wananchi waliokuwa wamekusanyika kwenye eneo la ajali usiku waligongwa na lori. Watu 11 walipoteza maisha na wengine walijeruhiwa. Miongoni mwao walikuwamo waliokwenda kutoa msaada.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini mambo kama hayo hutokea. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja na nusu tu kutambua kuwa mbele kuna kizuizi, atakuwa amekwisha kusogea zaidi ya mita 30 kabla mguu haujagusa breki. Hata gari dogo lenye breki nzima, kwenye lami kavu, huhitaji zaidi ya mita 50 kwa jumla ili lisimame. Lori lenye shehena, au lami iliyolowa mvua, huongeza umbali huo. Kwa hiyo alama ya tahadhari iliyowekwa hatua tano nyuma ya pikapu haimsaidii mtu yeyote.

Tairi linapopasuka gari likiwa kwenye mwendo

Mnamo Juni 28, 2025, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuteketea kwa moto katika eneo la Sabasaba, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro. Watu zaidi ya 35 walifariki. Taarifa za awali zilieleza kuwa tairi la mojawapo ya magari hayo lilipata hitilafu na dereva akashindwa kulimudu gari.

Tairi linapopasuka, gari huvutwa kuelekea upande wa tairi hilo. Dereva akiingiwa na hofu na kukanyaga breki kwa nguvu, uzito wa gari hubadilika ghafla na gari huweza kupinduka au kuhamia upande wa pili wa barabara. Pikapu yenye mzigo mrefu wa juu hupinduka kwa urahisi zaidi. Inashauriwa dereva ashike usukani kwa mikono miwili, aliweke gari kwenye mstari wake, aondoe mguu kwenye mafuta taratibu na kuacha mwendo upungue wenyewe. Mwendo ukishakuwa mdogo, awashe taa ya kushoto na kutoka nje ya lami polepole.

Asisimame kwenye kona, juu ya daraja wala nyuma ya kilele cha mlima. Ni afadhali kusogea mita mia mbili zaidi kwa mwendo wa kutambaa, hata kama tairi litaharibika kabisa, kuliko kusimama mahali ambapo gari lijalo halioni. Tairi hununuliwa.

Kuonekana na kuondoa watu

Kabla ya mtu kugusa jeki, mambo manne yafanyike.

Kwanza, taa zote za tahadhari ziwashwe, na usiku taa ndogo ziachwe zikiwaka. Ihakikishwe kuwa turubai au mzigo unaoning'inia nyuma haufuniki taa hizo, kwani kasoro hiyo huonekana mara nyingi kwenye pikapu za mizigo.

Pili, abiria wote washuke kwa upande wa kushoto, ulio mbali na barabara, na wakae ng'ambo ya mtaro. Watoto washikwe mikono. Mtu asibaki ndani ya gari wala juu ya mzigo kwa kuogopa mali yake kuibwa. Watu wasisimame nyuma wala mbele ya gari, kwa sababu gari likigongwa husukumwa juu yao.

Tatu, pembetatu za tahadhari ziwekwe hatua 100 au zaidi nyuma ya gari, na nyingine mbele, kwa kuwa barabara nyingi za mkoa huu hupitisha magari ya pande mbili kwenye lami moja. Ikiwa karibu kuna kona au kilima, pembetatu iwekwe kabla ya kona hiyo ili dereva ajaye aione mapema. Anayekwenda kuiweka atembee nje ya lami, akiwa ameielekeza pembetatu kwa magari yajayo. Usiku avae kizibao chenye kuakisi mwanga, au angalau nguo nyeupe, na awe na tochi.

Nne, matawi ya miti yakitumika kwa kukosa pembetatu, yajulikane kuwa ni msaada wa muda tu. Usiku hayaakisi mwanga na huonekana kwa kuchelewa. Mawe yasiwekwe juu ya lami kamwe. Madereva wengi huondoka na kuyaacha, na saa chache baadaye mwendesha baiskeli au bodaboda huyavamia gizani. Katika jiji linalotumia baiskeli kwa wingi kama Tanga, jiwe moja lililosahaulika ni mtego wa kuua.

Kubadilisha tairi la pikapu yenye mzigo

Breki ya mkono ivutwe, gia iingizwe, na tairi lililo pembe ya pili ya gari liwekewe jiwe au kabari mbele na nyuma. Nati zilegezwe kidogo tairi likiwa bado limegusa ardhi. Zikilegezwe baada ya gari kuinuliwa, nguvu ya spana huweza kuliangusha gari kutoka kwenye jeki.

Ardhi ya pembeni mwa barabara huwa laini, hasa wakati wa masika. Kipande cha ubao mnene chini ya jeki hutawanya uzito ili isizame. Jeki iwekwe mahali palipoelekezwa na kitabu cha gari, penye chuma imara cha chesisi au ekseli. Mzigo ukiwa mzito kuliko uwezo wa jeki, sehemu yake ishushwe kwanza. Kushusha magunia machache ni kazi ya dakika chache, lakini jeki ikiteleza hakuna nafasi ya kurudia.

Tairi la akiba lilazwe chini ya chesisi, karibu na jeki, wakati tairi bovu linatolewa. Gari likidondoka litaangukia tairi hilo, na mtu hatabanwa. Pamoja na hayo, ni marufuku kuingiza kichwa au mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Nati za tairi jipya zikazwe kwa mtindo wa msalaba, yaani moja na ile inayoikabili, ili gurudumu likae sawasawa. Zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limeshushwa, kisha zikaguliwe tena baada ya kilomita chache. Mwishoni, pembetatu, matawi na kabari vyote viondolewe barabarani.

Rejeta, breki na maji ya mafuriko

Kipimo cha joto kikipanda, dereva asimame na kuzima injini. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe ukiwa wa moto. Maji yaliyomo humo huwa chini ya shinikizo, hivyo yanaweza kuwa na joto kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Mfuniko ukitolewa, shinikizo huondoka ghafla na maji na mvuke huruka usoni na kifuani. Asubiri angalau nusu saa, kisha afungue kwa kitambaa kinene, taratibu, uso ukiwa mbali. Maji baridi yasimwagwe juu ya injini yenye moto, kwani chuma huweza kupasuka.

Wanaoshuka kutoka Lushoto kuelekea Mombo na mzigo wa mboga wanakumbushwa kutumia gia ndogo. Breki ikikanyagwa mfululizo kwenye mteremko hupata joto na kupoteza nguvu. Ikishindwa kufanya kazi, dereva apampu pedali mara kadhaa, ashushe gia moja baada ya nyingine na kuvuta breki ya mkono kidogo kidogo, huku akitafuta upande wa mlima au mahali penye mwinuko pa kulisimamisha gari.

Wakati wa mvua kubwa, maji yanayokatiza barabara yasijaribiwe ikiwa chini yake hapaonekani. Maji ya kina cha sentimita 60 yanayokwenda kwa kasi yanaweza kulisomba hata pikapu. Kusubiri yapungue ni hasara ya saa chache tu.

Penye ajali, umati huongeza hatari

Gari likipinduka karibu na makazi, wananchi wengi hukimbilia hapo. Wachache wasaidie majeruhi, wawili waende mbali pande zote mbili kuyatahadharisha magari, na wengine wote wabaki nje ya barabara. Panaponukia mafuta, pasiwashwe kiberiti wala sigara, na mtu asikaribie kuchota. Tukio la Msamvu, Morogoro, la Agosti 10, 2019, ambapo lori la mafuta lilipinduka na kulipuka, liliua zaidi ya watu 100, wengi wao wakiwa wamekwenda kuchota petroli.

Namba ya dharura ya Jeshi la Polisi ni 112, na ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Anayepiga simu ataje jina la kijiji au mtaa ulio karibu, namba ya jiwe la kilomita kama lipo, uelekeo wa gari na idadi ya majeruhi. Majeruhi apelekwe hospitali bila kuchelewa, na mtu mwingine ashughulikie fomu ya PF3 kituo cha polisi.

Maandalizi kabla ya kutoka Ngamiani

Pancha nyingi huanzia nyumbani. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kupita kiasi, hupata joto na hatimaye kupasuka, hasa likibeba mzigo mzito. Upepo upimwe asubuhi kabla ya safari, matairi yakiwa ya baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko ambacho kwa kawaida huwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kiwango cha matairi ya nyuma gari likiwa na mzigo huwa kikubwa zaidi kuliko likiwa tupu.

Anayenunua tairi la mtumba asome tarakimu nne za mwisho za mfululizo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwake. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka na kupasuka hata kama meno yake bado ni marefu.

Tairi la akiba la pikapu nyingi huning'inia chini ya bodi kwa mnyororo au waya. Kwa magari yanayobeba samaki, maji ya chumvi hudondokea hapo na kuushika kutu mtambo wa kulishushia. Mara moja kwa mwezi tairi hilo lishushwe, lijazwe upepo, na mtambo upakwe grisi. Dereva anayegundua kutu hiyo usiku, porini, amechelewa.

Ndani ya gari viwepo jeki, spana ya magurudumu, kipande cha ubao, kabari mbili, pembetatu mbili, kizibao cha kuakisi mwanga, tochi, kizima moto, maji ya kutosha na sanduku la huduma ya kwanza.

Mashimo yanayoharibu matairi nayo yaripotiwe. Barabara za mitaa zinasimamiwa na TARURA, na barabara kuu kama ya Segera na ya Horohoro zinasimamiwa na TANROADS. Mwananchi anaweza kutoa taarifa kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya mtendaji wa kata, akitaja mahali shimo lilipo na ukubwa wake.

Wamiliki wa pikapu wanaombwa kuyasoma maelezo haya pamoja na madereva na utingo wao, na kukubaliana mapema nani ataweka pembetatu na nani atawashusha abiria. Tairi likipasuka usiku barabarani, muda wa kuulizana hautakuwapo.