Esansi ikikauka, gari hulala uani

Ukitoka Bujumbura kwa barabara ya taifa namba 3 kwenda kusini, Ziwa Tanganyika linakuwa mkono wa kulia na milima mkono wa kushoto mpaka Rumonge. Ukiipita Gitaza unafika Magara, katika iliyokuwa tarafa ya Bugarama. Si ile Bugarama ya Muramvya, njia panda ya baridi ambako abiria hununua karoti na kabichi bila kushuka kwenye basi. Hii ni Bugarama ya jua, michikichi na samaki wa mukeke, iliyokuwa moja ya tarafa tano zilizounda mkoa wa Rumonge mwaka 2015.

Huku kandokando ya ziwa, gari lisilotembea si jambo la kushangaza. Utaona Toyota Probox chini ya mwembe, vumbi limeganda kwenye kioo, kuku kajilaza kivulini mwa bampa. Gari halijafa. Limekosa esansi, yaani petroli. Burundi huagiza mafuta yake yote kutoka nje, sehemu kubwa ikipitia Tanzania, na fedha za kigeni zikiadimika vituo hukauka. Kwa miaka kadhaa sasa foleni za mafuta zimekuwa sehemu ya maisha, na mwenye gari ambaye hana jerikeni ya magendo hana budi kuliacha uani wiki baada ya wiki.

Ulaya kuna watu wanaolijua vizuri jambo hili la gari kulala nje: wenye magari-nyumba, yale yenye kitanda na jiko ndani. Baridi ikiingia huyaegesha nyumbani miezi minne au mitano, na hofu yao kubwa ni maji kuganda na kupasua mabomba. Magara hakigandi kitu. Lakini mengine yote yanayoliharibu gari lililosimama yapo, na baadhi yako kwa wingi zaidi.

Shauri la kwanza wanalopeana Wazungu hao ni kujaza tangi kabla ya kuegesha. Tangi likiwa tupu hubaki na hewa, hewa ina unyevu, na usiku ukipoa unyevu hugeuka matone kwenye kuta za ndani. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hushuka chini, pale pale pampu inapovutia, na tangi la chuma huanza kuota kutu. Shauri zuri, ila kwa mtu wa Rumonge ni kama kumwambia mwenye njaa ashibe kwanza. Kinachobaki ni kukaza kifuniko cha tangi, kuhakikisha mpira wake haujapasuka, na kutoamini esansi ya chupa bila kuitazama. Ukiiacha itulie kwenye chupa angavu, maji kama yamo yatajitenga chini. Nayo petroli huzeeka: baada ya miezi kadhaa hupoteza nguvu yake ya kuwaka na kuacha utandu kwenye mabomba.

Betri ndiyo hufa mapema. Hata gari likiwa limezimwa, saa, king'ora na redio huendelea kunyonya umeme kidogo kidogo. Betri nzima iliyojaa huonyesha volti 12.6 hivi kwenye mita. Ikiachwa muda mrefu chini ya 12.4, risasi iliyo ndani huanza kufunikwa na chumvi ngumu isiyotoka kirahisi. Wengi hudhani kuwasha gari dakika tano kila asubuhi kunasaidia. Mara nyingi kunadhuru, maana kuwasha injini hula umeme ambao dakika tano haziurudishi, na esansi iliyobaki nayo inakwenda. Dawa yake ni spana namba kumi: legeza nati ya upande wa hasi, ule wenye alama ya kutoa, uchomoe waya na kuusogeza pembeni usirudi kugusa. Kwa Toyota nyingi kazi hiyo haimalizi dakika mbili.

Breki ya mkono nayo ina mtego wake. Ikivutwa na gari likalala msimu mzima wa mvua, breki hushikana na ngoma kwa kutu, na siku ya kuondoka gurudumu halizunguki. Afadhali gari liachwe kwenye gia, mawe mawili yazuie matairi, breki iachiwe. Matairi yenyewe yajazwe upepo kuliko kawaida kidogo, na gari lisogezwe nusu hatua kila baada ya wiki mbili tatu, ili uzito wote usikae sehemu moja. Anayetaka kujua umri wa tairi atazame ubavuni, penye tarakimu nne: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jua la ukanda huu hupasua mpira hata kama kashata zake bado ni nzima.

Kuhusu paa, kosa linalorudiwa ni kulifunga gari gubigubi kwa shitingi. Plastiki huzuia mvua isiingie, lakini pia huzuia mvuke wa ardhi usitoke, na gari hulowa kwa jasho lake. Upepo wa ziwani ukivuma jioni, shitingi hupigapiga na kukwaruza rangi. Mabati machache juu ya nguzo nne, pande zote wazi, yanafaa kuliko hema lolote. Mwembe hautoshi kuwa paa: utomvu na kinyesi cha ndege hula rangi, na embe likianguka huacha bonde kwenye boneti. Chini ya boneti hiyo kuna panya, wanaopenda joto na nyaya laini. Punje chache za mahindi zilizosahaulika kwenye buti zinatosha kuwaita.

Heri moja ipo: maji ya Tanganyika ni baridi, hayana chumvi. Gari la Mombasa huliwa na kutu inayoletwa na upepo wa bahari. La Magara halina adui huyo. Lakini ziwa lina njia yake. Mto unaolitoa maji ni mmoja tu, Lukuga, unaoelekea Kongo, na mvua zikizidi maji hupanda ufukweni. Mwaka 2021, na tena 2024, yaliingia majumbani kuanzia Gatumba mpaka Rumonge. Gari lililofikiwa na maji lisiwashwe. Kwanza chomoa kijiti cha oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia kwenye injini.

Ziwa hili hili lina mfano wa mashine iliyolazwa kwa akili. Meli Goetzen ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kigoma. Julai 1916 Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe, lakini kabla ya hapo mafundi walizifunika injini kwa grisi nene. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, wakakuta injini zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Pale Buyenzi, mtaa wa Waswahili na mafundi magari jijini Bujumbura, grisi kama hiyo hupakwa kwenye vichwa vya betri na bawaba za milango. Na huku Magara, habari ikisikika kuwa lori la mafuta limeshusha Rumonge, boneti zinafunguliwa, viota vya panya vinatupwa, waya wa hasi unarudishwa mahali pake. Gari linawaka. Linaingia barabarani na lita mbili za kulifikisha kwenye foleni, na vijana wawili kiti cha nyuma, kama itabidi kusukuma.