JOKOFU DOGO, CHUMBA KIMOJA

Mwezi wa Oktoba, saa nane za mchana, mtu aliyekaa ndani ya chumba cha bati huko Makutupora huyasikia mabati yakilia kwa joto juu ya kichwa chake. Maziwa ya mtoto yaliyochemshwa alfajiri yamekwisha kuganda bila kuombwa. Mchuzi uliobaki jana umeanza kutoa povu. Hapo ndipo baba na mama wa nyumba hiyo wanapotazamana na kuulizana swali linaloulizwa sasa katika nyumba nyingi za wafanyakazi: Je, wakati umefika wa kununua jokofu?

Makutupora iko kaskazini ya jiji la Dodoma, kando ya barabara iendayo Kondoa na Arusha. Ni mahali penye visima ambavyo kwa miongo mingi vimelinywesha jiji hilo, penye kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, na penye kituo cha utafiti wa zabibu. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, jiji limezidi kutanuka na wapangaji wameongezeka. Wengi wao wana chumba kimoja tu, ambamo kitanda, kabati, ndoo za maji na watoto hugombea nafasi. Jokofu kubwa halina pa kukaa humo. Jokofu dogo, lenye urefu wa meza, laweza kupata pembe yake.

Lakini, ndugu msomaji, udogo wa chombo si udogo wa gharama. Kabla ya kufungua mkoba, yafaa kujiuliza: baridi hii ni ya nini?

KIPI KINATAKA BARIDI?

Chukua karatasi uandike vyakula vya wiki nzima. Utashangaa kuona jinsi vingi visivyohitaji jokofu. Vitunguu, viazi, ndizi na maembe mabichi huharibika ladha vikitiwa humo. Nyanya hupoteza utamu wake. Mlenda mkavu, ambao Wagogo wameuhifadhi kwa jua tangu enzi za mababu, hauna haja ya umeme. Maziwa mgando nayo hujilinda kwa ukali wake mwenyewe, ndiyo maana kibuyu kilitosha kwa wafugaji wa nyanda hizi.

Vinavyotaka baridi ya kweli ni vichache: nyama na samaki wabichi, maziwa freshi, chakula kilichopikwa kikabaki, na baadhi ya dawa. Wataalamu wa afya husema chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kupita saa 2, na kikihifadhiwa kiwe chini ya nyuzi 5 za Sentigredi, kwa kuwa juu ya hapo vijidudu huzaliana upesi. Insulini isiyofunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa kisukari, basi, jokofu si anasa hata kidogo.

MAJOKOFU YANAYOFANANA, TABIA MBALIMBALI

Dukani utaonyeshwa visanduku viwili vinavyofanana kama mapacha. Cha kwanza kina mashine ya kusukuma gesi, ambayo mafundi huiita kompresa. Hicho ndicho jokofu halisi: hufikia nyuzi 4, na baridi ikitosha hujizima chenyewe na kupumzika. Cha pili hakina kompresa. Hutumia kibamba cha umeme ambacho upande mmoja hupoa na wa pili hupata moto, kwa kanuni aliyoigundua Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834. Ni chepesi, hakina kelele, na bei yake huvutia. Kasoro yake ni kwamba vingi vya namna hiyo hushusha joto kwa nyuzi 15 hadi 20 tu chini ya joto la chumba. Chumba cha bati kikifika nyuzi 33, maziwa yako yatakaa kwenye nyuzi 13 au zaidi. Soda itapoa, lakini nyama itaoza na insulini haitakuwa salama.

Tazama na hesabu ya umeme. Jokofu la kompresa la wati 70, likifanya kazi kwa jumla ya saa 10 kwa siku, hula uniti 0.7, yaani uniti 21 kwa mwezi. Majira ya joto, likifanya kazi saa 14, zitafika 29. Kile kisanduku cha pili cha wati 60, kwa kuwa hakipumziki usiku wala mchana, hula uniti 43. Mpaka wa daraja la wateja wadogo wa majumbani ni uniti 75 kwa mwezi. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 35 kwa taa, redio, runinga na pasi itabaki chini ya mpaka huo ikichukua jokofu la kompresa. Ikichukua kile cha rahisi, itafika 78 na kuuvuka. Hivyo rahisi ya dukani hugeuka ghali ya kila mwezi. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa rahisi inavunja upishi.

Na kama mnachangia mita moja na wapangaji wenzenu, zungumzeni kabla jokofu halijaingia mlangoni. Wapeni hesabu hii waione. Ugomvi mwingi wa nyumba za kupanga huanzia kwenye umeme wa LUKU ulioisha usiku bila mtu kujua nani kaula.

Kwa ukubwa, mtu mmoja hutoshelezwa na lita 50 hivi. Familia ya watu wanne yafaa itafute lita 90 hadi 100. Likiwa ni la mkononi, liwashwe mbele yako kwa saa nzima. Sikiliza kama kompresa hupumzika, kisha bana karatasi mlangoni: ikichomoka bila kukazana, mpira wa mlango umechoka. Njiani lisafirishwe likiwa wima. Ikibidi kulilaza, lisimamishe nyumbani kwa saa kadhaa kabla ya kuliwasha, ili mafuta ya mashine yarudi mahali pake.

MATUMIZI NDANI YA CHUMBA

Jokofu halitengenezi baridi, bali huchukua joto la ndani na kulimwaga nje. Ukilibana ukutani, au ukilifunika kitambaa cha mapambo mpaka mgongoni, joto hilo halina pa kwenda. Liachie nafasi ya sentimita 10 nyuma, mbali na jiko na mbali na dirisha la jua la magharibi. Vumbi la Dodoma nalo ni adui: kila mwezi lizime, ulipanguse mgongo kwa brashi.

Sufuria ya moto isiingizwe. Wengi wamesikia habari za Mtanzania mwenzetu Erasto Mpemba, ambaye mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona maziwa yake ya moto ya kutengenezea aiskrimu yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne waliliandika jambo hilo katika jarida la fizikia, na wanasayansi wangali wakilijadili. Lakini ugunduzi huo si ruhusa ya kutia maharage ya moto ndani ya jokofu la lita 50, maana yatayapasha moto maziwa ya jirani yake. Gawa chakula katika vyombo vipana, kipoe upesi, kisha kifunike na kukiingiza.

Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, zima jokofu iyeyuke yenyewe. Usiichokoe kwa kisu: tundu moja katika bomba la gesi ndio mwisho wa chombo. Nafasi iliyo tupu ijazwe chupa za maji, nazo zitatunza baridi umeme ukikatika. Wakati huo usifungue mlango. Umeme ukirudi, usiwashe papo hapo; ngoja dakika kadhaa, au nunua kile kifaa cha kinga ambacho mafundi hukiita friji gadi.

MTUNGI USITUPWE

Hapa ndipo mkazi wa Makutupora anapompita ndugu yake wa Dar es Salaam. Pwani hewa ina unyevu, na mtungi hupoza kwa shida. Nyanda za kati hewa ni kavu miezi mingi ya mwaka. Maji yanayotoka kwenye vinyweleo vya udongo hukauka haraka, na kila tone hukauka na joto lake. Mwaka 1995 mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliitumia kanuni hii ya kale kwa kuweka chungu ndani ya chungu na mchanga mbichi katikati. Biringanya zilizozoea kuharibika kwa siku 3 zilikaa siku 27, na mwaka 2000 kazi hiyo ilimpatia tuzo ya Rolex.

Vyungu viwili, mchanga, kitambaa kibichi cha kufunika, kivuli chenye upepo, na maji asubuhi na jioni: hayo yanatosha kwa mboga za majani, nyanya, zabibu za msimu na maji ya kunywa. Zabibu zisioshwe mpaka wakati wa kula. Mvua za Desemba hadi Aprili zikianza, nguvu ya chungu hupungua, nalo jokofu lisaidie zaidi. Nyama na maziwa freshi havimo katika kazi za chungu wakati wowote.

Familia inayogawa kazi namna hii haihitaji jokofu kubwa. Mboga na maji yakikaa nje, mlango wa jokofu hufunguliwa mara chache, uniti hudumu, na nafasi hubaki kwa yale yasiyoweza kungoja: maziwa ya mtoto, nyama ya kesho, dawa ya mgonjwa. Basi kabla hujaenda dukani, andika karatasi ile. Kama vinavyotaka baridi ya kweli havijai hata rafu moja, anza na chungu, na fedha ziweke kwanza.