Mwalimu wa kemia na egesangio

Wakulima wa Kisii na Nyamira wana desturi ya egesangio: majirani hulima pamoja kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Ajabu ni kwamba mwalimu huachwa darasani peke yake, na akilegea katika hesabu za moli, anayeumia ni mtoto wako.

Mwaka wa 1998 mradi wa SMASSE, wa Kenya na Japani, ulianza kuwakutanisha walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari katika wilaya tisa, zikiwemo Kisii na Gucha, kabla ya kuenezwa nchini kote.

Wajapani wana mtindo wao wa kuchunguza somo. Walimu hutayarisha kipindi kimoja pamoja. Mmoja hufundisha, wenzake huketi nyuma na madaftari. Hawamkagui mwalimu, wanawatazama wanafunzi: nani ameduwaa, na swali lipi limempoteza? Kisha hulirekebisha somo, na mwingine hulifundisha katika mkondo wa pili.

Kinachozuia, naona, ni haya. Mwalimu wa miaka 20 kazini hapendi kutazamwa na kijana aliyetoka chuoni juzi. Nanyi wazazi, mkienda kuuliza alama, ulizeni pia walimu wa kemia hukutana siku gani.