Alichokumbuka Dickens si deni la baba, ni uamuzi wa mama

Siku moja ya mwaka 1824 jijini London, mvulana wa miaka 12 alishikwa na maumivu makali ya ubavu akiwa kazini. Mwenzake aliyemzidi sana umri na mwili, Bob Fagin, alimlaza kwenye majani makavu, akajaza maji ya moto kwenye chupa tupu za dawa ya viatu na kumkanda kwa nusu siku. Jioni akang'ang'ania kumsindikiza nyumbani.

Hapo mtoto akabanwa. Hakutaka mtu ajue kuwa baba yake yuko gerezani. Karibu na Daraja la Southwark alichagua nyumba ya watu asiowajua, akamuaga Bob ngazini kana kwamba amefika kwao, kisha akabisha hodi, asije mwenzake akageuka na kumwona. Mwanamke alipofungua, mtoto akauliza kama hapo ni kwa Bwana Robert Fagin.

Mtoto huyo ni Charles Dickens, aliyekuja kuandika Oliver Twist na David Copperfield.

Baba yake, John, alikuwa karani wa malipo wa jeshi la wanamaji. Mshahara ulikuwepo, ila matumizi yaliuzidi. Vitu vya ndani vikawekwa rehani kimoja kimoja, hata vitabu, na aliyetumwa kuvipeleka ni Charles. Deni la mwoka mikate, pauni 40, likamfikisha baba gereza la wadaiwa la Marshalsea. Baadaye mama na wadogo zake wakahamia humohumo. Charles alibaki nje, akibandika lebo kwenye vikopo vya dawa ya viatu katika ghala chakavu kando ya Mto Thames, saa 10 kwa siku, kwa shilingi 6 kwa wiki. Dada yake Fanny aliendelea na masomo ya muziki. Siku alipomwona akipewa tuzo, Charles alilia.

Maumivu yale yalimsumbua tangu utotoni, na hakuna wa kumpima leo. Lakini mzazi wa sasa anaijua hali hiyo: mtoto anayelalamika tumbo au kichwa kila mara. Apelekwe hospitali kwanza. Vipimo visipoonyesha kitu, si lazima awe anadanganya. Hofu na aibu nazo huuma mwilini, na swali la upole kuhusu shule au nyumbani huenda likafungua mengi.

Baba alitoka baada ya miezi kama mitatu, mtoto akaendelea na kazi. Ndipo baba akagombana na mwenye kazi, Charles akaachishwa. Mama akaenda kusuluhisha, akarudi na ombi kwamba mwanawe aanze tena kesho yake. Baba akakataa: mtoto aende shule.

Haki isemwe, mama huyo alikuwa na watoto wa kulisha na shilingi 6 zilinunua chakula. Lakini Charles, akiwa mtu mzima, aliandika kwamba hatasahau kamwe jinsi mama alivyotaka arudishwe.

Maelezo hayo alimpa rafiki yake, John Forster. Watoto wake 10 hakuwasimulia. Krismasi ya mwaka 1869, familia ikicheza mchezo wa kukumbuka maneno, zamu yake ilipofika alitaja jina la lile ghala na anwani yake. Hakuna aliyeelewa. Mwaka uliofuata alifariki, na watoto walijua maana yake waliposoma kitabu cha Forster.