Miguu ya Mbele ya Pikipiki

Wasomaji wetu, leo twapenda kuzungumza juu ya ile miguu miwili ya chuma ishikayo gurudumu la mbele la pikipiki. Mafundi huiita shokapu. Kila apandaye bodaboda kutoka Dodoma mjini kwenda Hombolo au Mvumi, awe amepakata kikapu cha zabibu au mtoto mgonjwa apelekwaye hospitali, ameiweka roho yake juu ya miguu hiyo, ijapokuwa hana habari nayo.

Majuzi tulimkuta kijana mmoja kando ya barabara ya changarawe. Pikipiki yake ndogo, yenye injini ya sentimita 125 za ujazo, ilikuwa imelala kichakani, na goti lake lilikuwa likichuruzika damu. Alisema kwamba kwenye kona gurudumu la mbele lilikataa kushika njia. Kumbe wiki ile fundi alikuwa amemwaga mafuta ya shokapu, akatia mafuta mazito ya injini, tena akajaza karibu na juu kabisa, ili zipate nguvu. Kijana alikuwa amefurahi, maana pikipiki haikuinama tena alipofunga breki. Basi na tueleze jinsi nguvu ile ilivyomwangusha.

Kila mguu ni mabomba mawili, moja likiingia ndani ya jingine. Ndani mna springi ndefu na mafuta. Kampuni ya BMW ya Ujerumani ilianza kuuza pikipiki za namna hii, yaani zenye mafuta ndani ya miguu, mwaka 1935, na sasa karibu pikipiki ndogo zote za nchi yetu zimefuata mfano huo. Springi na mafuta vina kazi mbali mbali, na hapo ndipo watu wengi hukosea. Springi hubeba uzito. Mafuta hayabebi kitu; kazi yake ni kupita kwa shida katika matundu madogo, ili springi isirukeruke ovyo. Ziba kwa kidole tundu la pampu ya baiskeli, uache upenyo mdogo tu, kisha usukume: ukisukuma polepole mkono huenda, ukisukuma kwa ghafula hukataa. Mafuta yakiwa mazito, ni kana kwamba umelizidisha kuliziba lile tundu.

Sasa tazameni barabara zetu. Wakati wa kiangazi zile za changarawe hufanya mawimbi kama bati. Mwaka 1963 mtaalamu Keith Mather alieleza kwamba gurudumu lenyewe ndilo liyafanyayo: hugonga kivimbe kidogo, huruka, huanguka mbele na kuchimba, na lifuatalo hufanya vivyo hivyo. Tuseme mawimbi yamepishana sentimita 70, na pikipiki inakwenda kilomita 40 kwa saa. Gurudumu litakutana na mawimbi kama 16 kila sekunde. Kila wimbi huukunja mguu, nao hauna budi kunyoka tena kabla ya wimbi la pili. Mafuta mazito hayauruhusu. Unanyoka nusu tu, unagongwa tena. Unanyoka robo, unagongwa tena. Hata baada ya hatua chache umekwisha kujikunja, wala hauna nafasi ya kukunjika zaidi. Mwendeshaji hudhani shokapu yake ni ngumu, kumbe imekuwa fupi. Gurudumu haliyafuati mawimbi tena, bali linarukia vilele vyake, na gurudumu lililo hewani halifungi breki wala halikati kona.

Kujaza mafuta kupita kiasi nako kuna hatari yake. Juu ya mafuta huachwa hewa makusudi. Hewa hiyo ikiwa kidogo mno, mguu ukikunjika hubanwa kwa nguvu kuliko springi, na mara nyingi sili hushindwa na mafuta huanza kuvuja, pengine yakafika kwenye breki.

Waendeshaji wa pikipiki ndogo za mashindano hawaanzi na mafuta. Huanza na rula, na sisi twaweza kuwaiga. Inueni gurudumu la mbele litoke ardhini, mpime toka ekseli hata kishikio cha chini cha usukani. Kisha lishusheni, mwendeshaji akae kitini, mwenzake aishike pikipiki isianguke, mpime tena. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo kiasi mguu unachozama kwa uzito. Yafaa uzame robo au theluthi ya mwendo wake wote. Ikiwa mwendo ni sentimita 11, basi sentimita 3 hivi ni vizuri. Ukizama 5, springi imechoka. Wengine huweka kipande cha bomba juu yake. Jambo hilo huiinua pikipiki, lakini springi haliiongezei ugumu hata kidogo, na kipande kikiwa kirefu mno springi hubanwa pete kwa pete. Dawa yake ni springi mpya. Mjihadhari mfunguapo nati ya juu: gurudumu liwe limeinuliwa, na uso usiwe juu yake, kwa maana springi hurusha.

Mafuta na yawe yale yaliyotajwa katika kitabu cha pikipiki, ambayo mara nyingi ni ya namba 10, kwa kipimo kilekile katika miguu yote miwili. Kisha shikeni breki ya mbele, mwukandamize usukani, mwuachie. Ukipanda na kutulia, ni vema. Ukipanda na kushuka mara mbili tatu, mafuta yamekwisha nguvu. Ukipanda polepole, kama mzee ainukaye kigodani, ni mazito mno. Na asubuhi za Juni na Julai, upepo wa baridi uvumapo Ugogo, yatazidi kuwa mazito.

Tena gunia la mahindi lifungwalo nyuma halilemei gurudumu la mbele. Likipita ekseli ya nyuma hulipunguzia uzito. Hatuoni basi sababu ya kukaza mbele kwa ajili ya mizigo.

Kijana yule tulimsaidia kumwaga mafuta. Tulitia mapya, tukapangusa vumbi jekundu lililokuwa likizila sili, tukalegeza ekseli na kuikandamiza miguu mara kadhaa ili isimame sambamba kabla ya kukaza. Akarudi katika barabara ileile, kwa mwendo uleule. Aliporejea alilalamika kwamba sasa pikipiki inainama afungapo breki. Tulimwambia kwamba ndivyo ipasavyo, akatutazama kwa mashaka, akaenda zake.